Kucheza Mponyaji: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Timu Yake Ibaki Hai

Mchezaji aliyebakiza tone moja la damu hupiga kwa nguvu ileile ya mwenye damu kamili. Ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya michezo ya timu, iwe World of Warcraft, Overwatch au Team Fortress 2. Damu ya kwanza kupotea haimpunguzii mtu chochote. Ya mwisho ndiyo inayomuua. Nilicheza mponyaji kwa muda mrefu bila kulielewa jambo hili. Nikiona upau wa damu wa mwenzangu, ule mstari unaoonyesha uhai aliobakiza, umepungua, naujaza. Ukipungua wa mwingine, naukimbilia. Mwisho wa pambano mana (akiba ya nguvu inayolipia dawa) imekauka, vidole vinauma, na watu wamekufa vilevile.

Kazi ya mponyaji ni kuhakikisha hakuna anayefika sifuri kabla dawa inayofuata haijamfikia. Pau zilizojaa zinapendeza macho, lakini hakuna anayekulipa kwa ajili yake. Hatua zilizo hapa chini zote zinatokana na hilo.

Tukubaliane maneno kwanza. Nikisema "dawa" namaanisha uwezo wowote unaorudisha damu. "Tanki" ni yule mchezaji mgumu anayetangulia na kubeba mapigo. "Kupoa" ni muda ambao uwezo unapaswa kusubiri kabla ya kutumika tena.

Hatua ya 1: Chagua mponyaji anayeendana na mikono yako

Michezo ya waponyaji imegawanyika. Kuna ile ya pau, kama World of Warcraft na Final Fantasy XIV, ambapo unamchagua mtu kwenye orodha ya majina na dawa inamfikia yenyewe. Na kuna ile ya kulenga, kama Overwatch na Marvel Rivals, ambapo waponyaji wengi wanapaswa kumpiga mwenzao kwa dawa kama vile wanavyompiga adui risasi. Katikati wamo akina Soraka na Nami wa League of Legends, ambao nusu ya kazi yao ni kupima umbali.

Ukiwa mgeni, anza na mponyaji ambaye dawa zake hazikosei. Mercy wa Overwatch anamshika mwenzake kwa mwale unaomfuata wenyewe; Ana wa mchezo huohuo anahitaji shabaha kama ya mdunguaji. Katika Final Fantasy XIV, White Mage unaweza kumwendea tangu ngazi ya kwanza kupitia Conjurer, kazi yake ya kuanzia, na dawa zake zinaeleweka kwa jina tu. Sage, mponyaji mwingine wa mchezo huo, hafunguki mpaka umefikia ngazi ya juu, na hilo lenyewe linakwambia kitu. Katika World of Warcraft, Priest wa Holy anamfundisha mtu vizuri. Yule wa Discipline, anayeponya wenzake kwa kumpiga adui, mwache kwanza mpaka uzijue ratiba za mabosi (wale maadui wakubwa wa mchezo), kwa sababu dawa yake kubwa lazima iandaliwe kabla pigo halijatua.

Hatua ya 2: Isogeze skrini ije kwako

Hatua hii ni fupi, ila watu wengi wanairuka na kuteseka miezi. Michezo mingi huweka pau za damu za wenzako pembeni kabisa ya skrini, kushoto juu. Zitoe huko. Ziweke karibu na miguu ya mhusika wako, chini kidogo ya katikati, ili jicho moja lione pau na moto unaowaka chini yako kwa wakati mmoja. Sababu kubwa inayowaua waponyaji wapya ni kwamba wanatazama pau huku wamesimama ndani ya sumu.

Kisha, kwenye mchezo wa pau, weka makro (amri fupi unayoifunga kwenye kitufe) inayopeleka dawa kwa yule ambaye kipanya kimemgusa, bila kubofya kwanza. Unaokoa tendo moja kwa kila dawa, na pambano moja lina mamia ya dawa. Kwenye mchezo wa kulenga, washa rangi tofauti za wenzako wenye damu pungufu ili waonekane hata nyuma ya kuta, kama mchezo unaruhusu. Athari mbaya (laana au sumu walizowekewa wenzako) unazoweza kuziondoa ziwekee rangi inayopiga kelele. Zile usizoweza kuziondoa zifiche, maana zinakula umakini bure.

Hatua ya 3: Zipange dawa kwa kazi zake

Usikariri vitufe kwa mpangilio uliopewa na mchezo. Kaa chini, soma maelezo ya kila uwezo, na ujiulize: hiki ninakitumia lini?

Utakuta dawa za kawaida, nafuu na za taratibu, ambazo ndizo mkate wa kazi. Utakuta dawa za kudondoka polepole, ambazo zinarudisha damu kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa, kama Rejuvenation ya Druid wa World of Warcraft. Hizi huwekwa mapema, zikiwekwa baada ya pigo zimechelewa. Utakuta ngao, ambazo hazirudishi damu bali zinazuia isipotee. Na utakuta zile kubwa chache: Benediction ya White Mage inajaza damu yote ya mtu papo hapo, lakini inapoa kwa sekunde 180. ÜberCharge ya Medic wa Team Fortress 2 inampa yeye na mgonjwa wake sekunde 8 za kutodhurika kabisa. Shallow Grave ya Dazzle katika Dota 2 haimrudishii mtu hata tone. Inazuia tu damu yake isishuke chini ya 1 mpaka muda wake uishe.

Hizi kubwa ndizo zinazochezwa vibaya kuliko zote. Mgeni huzihifadhi kwa ajili ya dharura, dharura inapita, anakufa nazo mfukoni. Ukiwa na uwezo unaopoa kwa dakika 3 na pambano ni la dakika 9, una nafasi tatu za kuutumia. Ukiutumia mara moja tu, umezitupa mbili. Chagua kabla ya pambano ni wapi zitakwenda, na ubakize moja tu kwa ajili ya ajali.

Hatua ya 4: Jifunze mapigo kabla ya kujifunza dawa

Hapa ndipo mponyaji mzuri anapotengana na wa kawaida, na hapa ndipo nakuomba ukae zaidi.

Fikiria tanki mwenye damu 100,000. Bosi anampiga 3,000 kila baada ya sekunde 2, na kila baada ya sekunde 20 anamshushia pigo zito la 70,000. Sasa tanki ana damu 60,000. Yuko hatarini au hayuko? Swali hilo halina jibu mpaka ujue saa. Kama pigo zito limebakiza sekunde 12, una nafasi tele. Dawa za kawaida zinatosha na mana yako inapumzika. Kama limebakiza sekunde 2, mtu huyu ameshakufa, ila upau bado haujakuambia. Upau ni uleule, 60,000, na majibu mawili yanayopingana. Ndiyo maana anayetazama upau peke yake atakuwa anachelewa daima.

Ongeza na ucheleweshaji wako mwenyewe. Jicho linahitaji karibu robo sekunde kuona na kuamua. Dawa inayoandaliwa kwa sekunde 2 inahitaji sekunde 2. Intaneti nayo inachukua sehemu yake. Ukianza kuandaa dawa baada ya kuona damu imeshuka, inatua zaidi ya sekunde 2 baadaye, na pigo la pili limeshafika. Wachezaji wa kale wa EverQuest, mchezo uliotoka mwaka 1999, walilijua hili kwa uchungu: dawa yao kuu, Complete Heal, ilichukua sekunde 10 kuandaliwa. Hakuna binadamu anayeweza kuijibu ajali kwa dawa ya sekunde 10. Basi Cleric kadhaa, waponyaji wa mchezo huo, walijipanga kwa zamu, mmoja akianza sekunde chache baada ya mwenzake, ili dawa iwe inatua kwenye tanki kwa mpigo usiokatika. Walitibu majeraha ambayo yalikuwa bado hayajatokea.

Wewe fanya vivyo hivyo kwa kiwango cha mchezo wako. Bosi huonyesha dalili kabla ya pigo: anainua silaha, ananguruma, upau wa maandalizi unajaa, duara linachorwa ardhini. Mara ya kwanza kukutana naye usijaribu kuwa shujaa. Angalia tu na uandike: pigo gani linampata nani, linakuja baada ya dalili gani, na baada yake kunakuwa na utulivu wa sekunde ngapi. Mara ya pili, sekunde tatu kabla ya pigo la wote, sambaza dawa za kudondoka polepole. Sekunde moja kabla ya pigo la tanki, mpe ngao. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na sijaona mahali msemo huo unapothibitika kwa tarakimu kama hapa: ngao ya 30,000 kabla ya pigo inaweza kuwa uhai wa mtu, na dawa ya 30,000 baada ya pigo inamkuta maiti.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana katika World of Warcraft. Mana ya dawa yenye kuandaliwa hukatwa inapokamilika, si inapoanza. Kwa hiyo anza kuandaa dawa kwa tanki kabla ya pigo. Pigo likija, dawa inatua mara moja. Lisipokuja, au likizuiwa, sogea hatua moja, dawa inakatika, na hujapoteza kitu.

Dhidi ya watu halisi hakuna ratiba, lakini dalili zipo. Adui aliyepotea machoni kwa sekunde kumi anakuja kwa nyuma. Uwezo mkuu wa mpinzani hujaa kwa kasi inayokadirika. Kama hajautumia kwa muda, ujue utatua kwenye pambano lijalo, na wewe usitumie kinga yako kubwa kwa mikwaruzo.

Hatua ya 5: Nani kwanza?

Watu wawili wanakufa na una dawa moja. Swali la kwanza: nani atakufa nisipofanya kitu? Mwenye damu asilimia 20 aliyejificha nyuma ya nguzo hana haraka. Mwenye asilimia 55 aliyezungukwa na watatu ndiye mgonjwa. Swali la pili: dawa itamfikia kwa wakati? Kama haitamfikia, usiipeleke. Hili linauma, na mponyaji mwenye moyo mwema hulikataa kwa muda mrefu, lakini dawa mbili ulizompa aliyekuwa hawezi kuokolewa ndizo zilizomuua wa pili.

Swali la tatu ni thamani. Kwa kawaida wewe mwenyewe unatangulia, kisha tanki, kisha mponyaji mwenzako, halafu washambuliaji. Kujitanguliza si ubinafsi, kwani ukianguka, dawa za timu nzima zimeanguka nawe. Lakini usiifanye sheria ya mawe. Katika Overwatch, mshambuliaji ambaye uwezo wake mkuu umejaa anaweza kuwa na thamani kuliko tanki aliyekwisha kutumia kila kitu. Na bosi akibakiza asilimia 2 ya damu, tanki wa pili anaweza kuachwa afe.

Athari mbaya zina mantiki yake. Usiondoe kila laana unayoiona. World of Warcraft humpa mponyaji nafasi moja ya kusafisha kila sekunde 8, na Unstable Affliction, laana ya mchawi aitwaye Warlock, humrudi anayeiondoa kwa kumuumiza na kumnyamazisha. Soma kabla ya kugusa.

Hatua ya 6: Simama mahali pako

Tafuta mahali unapoweza kuwaona wenzako wengi bila kizuizi, huku hatua moja tu ikikutosha kuingia nyuma ya ukuta. Pembe ya ukuta ndiyo nyumba ya mponyaji. Katikati ya uwanja wazi unaona wote na wote wanakuona.

Kosa lingine ni kumfuata mtu mmoja kama kivuli. Medic wa Team Fortress 2 amejengwa kwa namna inayokataza tabia hiyo: bunduki yake inaweza kumwongezea mtu damu mpaka asilimia 150 ya kawaida yake, lakini ÜberCharge hujaa polepole zaidi ukimng'ang'ania aliyekwisha kujaa kuliko ukiwatibu waliojeruhiwa. Zunguka. Na aliyekaa bila kupigwa kwa sekunde 10 hutibika kwa kasi inayopanda hadi mara tatu, kwa hiyo anayerudi nyuma na kusubiri kidogo anakurahisishia kazi. Waambie wenzako hilo, wengi hawalijui.

Adui mwenye akili atakutafuta wewe kwanza. Basi usitumie kamwe uwezo wako wa kukimbilia kwa ajili ya kusafiri tu. Mercy anayeruka kwa Guardian Angel kwenda mbele kumfikia mgonjwa lazima ajue ni nani aliyeko nyuma atakayemrukia wakati wa kurudi. Kama hayupo, asiende.

Hatua ya 7: Mana, na sekunde zisizo na mgonjwa

Linganisha mana yako na damu ya bosi. Bosi ana asilimia 50 na wewe una 50: mko sawa. Yeye 50, wewe 25: badilisha dawa sasa hivi, usisubiri 5. Wewe 90, yeye 50: umekuwa bahili, na pengine mtu amekufa kwa ubahili huo. Uwezo wa kurudisha mana tumia mapema. Lucid Dreaming ya Final Fantasy XIV inapoa kwa sekunde 60. Anayengoja mpaka amekauka amepoteza mizunguko miwili mitatu. Katika mchezo huohuo kumfufua mtu kunagharimu 2,400 kati ya 10,000, kwa hiyo vifo viwili vinakula karibu nusu ya akiba yako. Ngao iliyozuia kifo kimoja ilikuwa rahisi sana.

Ukikuta sekunde ambayo hakuna anayekufa, usijaze pau za asilimia 90. Piga adui. Najua wapo waponyaji wanaokataa, wakisema kazi yao ni kuponya tu, na naielewa heshima wanayoipa kazi hiyo. Lakini adui anayekufa mapema ni mapigo ambayo hutayatibu. Mercy anaweza kugeuza mwale wake uwe wa kumwongezea mwenzake nguvu ya mashambulizi. Ana anaweza kuwarushia maadui guruneti inayowazuia wasipone kabisa kwa muda. Pambano linaamuliwa na vitu kama hivyo mara nyingi kuliko na dawa ya ziada.

Hatua ya 8: Sema kwa maneno matatu

"Sina mana." "Nashambuliwa nyuma." "Kinga kubwa, sasa." "Siwaoni, rudini." Hayo yanatosha. Sentensi ndefu katikati ya pambano haisikiki, na lawama haimponyi mtu.

Mkiwa waponyaji wawili au zaidi, gawaneni zile dawa kubwa kabla. Nimewahi kuwa kwenye kundi la watu 20 lililokuwa likifa mahali palepale, pigo la tatu la wote, usiku mzima. Tulikuwa na uwezo mkubwa wa kutosha. Shida ni kwamba wote wanne tuliogopa pigo la kwanza, tukazitoa dawa zote nne kwa pamoja, na la tatu likatukuta mikono mitupu. Mmoja wetu alichora jedwali kwenye karatasi: pigo la kwanza fulani, la pili fulani. Jaribio lililofuata tulivuka. Hakuna aliyekuwa amebadilisha hata silaha.

Utatukanwa, hilo litatokea. Mtu atakimbilia peke yake nyuma ya ukuta, atakufa, na ataandika kwamba hakuna mponyaji. Jiulize mara moja tu kama ana haki. Kama anayo, rekebisha. Kama hana, mzime sauti na urudi kwa wagonjwa wako, kwa sababu sekunde unazojibizana ni sekunde ambazo mwingine anavuja damu.

Hatua ya 9: Vifukue vifo

Jumla ya uponyaji inayotangazwa mwisho wa mechi inadanganya. Haihesabu pigo lililokwepwa kwa sababu Lúcio, mponyaji wa Overwatch, aliwaongezea watu mwendo, wala kinga iliyopunguza dhoruba kabla haijatua. Mponyaji anayeongoza orodha anaweza kuwa ndiye aliyejaza pau ambazo zingejaa zenyewe. Angalia vifo badala yake.

Chukua kifo kimoja tu kwa kila kipindi cha mchezo. Fungua rekodi au kumbukumbu za pambano, rudi sekunde 10 nyuma, na ufuate vidole vyako. Nilikuwa nafanya nini sekunde hiyo? Ni uwezo gani ulikuwa tayari na sikuugusa? Dalili ya kwanza ilionekana lini? Mara nyingi utakuta uwezo ulikuwepo, na wakati wa kuiona dalili ulikuwepo, ila ulikuwa unamjazia mtu wa asilimia 85. Andika mstari mmoja: "Bosi akiinua mkono wa kushoto, ngao kwa tanki." Ubandike pembeni ya skrini, na mechi ijayo usijaribu kurekebisha kingine chochote isipokuwa hicho. Kikishakuwa mazoea ya mkono, bandua, chukua kifo kinachofuata.